Namba Moja, Dawa Moja: Safari ya Ombi la Dawa Kutoka Zahanati Hadi Bohari

Na Tabibu Msaidizi, Kigera, Musoma



Mtoto anaposhikwa na homa usiku hapa kwetu Kigera, mama humbeba alfajiri na kumpeleka zahanati. Mtoto hupimwa. Kipimo kikionyesha kuwa ana malaria, mama hutazamia jambo moja tu, nalo ni kupewa dawa. Akiambiwa, "Dawa ya watoto imekwisha, iliyobaki ni ya watu wazima", mama hukasirika, na ana haki ya kukasirika.

Wengi hufikiri papo hapo kuwa dawa imeibwa. Wizi wa dawa ukitokea lazima ukomeshwe. Pengine fedha za kituo hazikutosha, au bohari yenyewe haikuwa na dawa hiyo. Lakini ipo sababu nyingine ambayo haisemwi sana kwa kuwa haionekani kwa macho. Nayo ni hii: anayeomba dawa na anayetoa dawa hawakuelewana. Zahanati iliandika jambo moja, wilaya ikasoma jambo la pili, na bohari ikapakia jambo la tatu.

Leo tutajifunza jinsi ombi la dawa linavyosafiri kutoka zahanati mpaka bohari, na kwa nini namba, vipimo na tarehe zilizokubaliwa na wote ni sehemu ya tiba kama vile sindano na vidonge. Siku hizi ombi hilo hupita katika kompyuta. Kwa hiyo ni vizuri mwananchi ajue kompyuta hizo huelewana namna gani, na yeye ana kazi gani katika mambo hayo.

GUNIA NI GUNIA GANI?

Tuanze na jambo tunalolijua sote. Mkulima anapatana na mnunuzi bei ya gunia moja la mihogo mikavu. Siku ya kupakia mnunuzi analeta gunia lililounganishwa juu na wavu, yaani lumbesa. Wote wawili walisema "gunia". Mmoja alifikiria gunia la kawaida, mwingine alifikiria mlima. Mkulima amepata hasara ingawa hakuna aliyebadilisha neno.

Ndiyo maana nchi huwa na sheria ya vipimo. Kilo moja ya Bunda ni sawa na kilo moja ya Butiama. Kipimo kikiwa kimoja, watu wasiojuana wanaweza kufanya biashara bila kugombana.

Mambo ya dawa ni hivyo hivyo, ila hasara yake huwa kubwa zaidi. Zahanati, halmashauri, bohari, kiwanda na duka la dawa ni watu mbalimbali. Kila mmoja ana vitabu vyake na kompyuta yake. Ili waelewane ni lazima wakubaliane mapema: kitu hiki tunakiitaje, tunakipimaje, tarehe tunaiandikaje, na mahali hapa panaitwaje. Makubaliano hayo ndiyo yanayoitwa viwango vya taarifa.

TULIKOTOKA

Kuanzia mwaka 1983 nchi yetu ilikuwa na Mpango wa Dawa Muhimu, uliosaidiwa na shirika la maendeleo la Denmaki, DANIDA, na shirika la UNICEF. Zahanati zilipelekewa maboksi ya dawa yaliyofungwa tayari. Mpango huo ulisaidia sana, maana kabla ya hapo vituo vingi vya vijijini vilikaa bila dawa. Lakini boksi la zahanati ya milimani penye baridi lilikuwa sawa na boksi la zahanati ya pwani ya ziwa penye mbu wengi. Dawa nyingine zilirundikana mpaka zikaharibika, nyingine zikaisha mapema.

Mwaka 1993 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Bohari ya Dawa, ambayo watu wengi huiita MSD. Baadaye ukaja utaratibu wa kila kituo kuomba kinachohitaji badala ya kuletewa boksi. Mwaka 2005 utaratibu wa pamoja wa taarifa na maombi ulianza kujaribiwa katika mikoa ya Dodoma na Iringa, kisha ukaenea nchini. Kituo kikawa kinajaza fomu moja yenye mambo mawili: taarifa ya dawa zilizotumika na ombi la dawa zinazotakiwa.

Fomu za karatasi zilikuwa na matatizo yake. Zilichelewa njiani, zililowa mvua, mwandiko haukusomeka. Kila aliyezipokea alinakili upya, na kila anayenakili anaweza kukosea. Ndipo katika miaka ya 2013 na 2014 ukaanzishwa utaratibu wa kompyuta uitwao eLMIS. Programu yake ilitengenezwa kwa ushirikiano na wenzetu wa Zambia, maana shida yao na yetu zilifanana.

OMBI LINAVYOSAFIRI

Fuata safari hii hatua kwa hatua.

Kwanza, mtumishi wa zahanati huingia stoo na kuhesabu. Huhesabu makopo, maboksi na chupa, na kulinganisha na leja.

Pili, hujaza taarifa na ombi. Taarifa hiyo huingizwa katika kompyuta, hapo kituoni au katika ofisi ya wilaya.

Tatu, mfamasia wa halmashauri huikagua. Akiona kituo chenye wagonjwa wachache kinaomba dawa nyingi mno, huuliza. Akiridhika, huidhinisha.

Nne, ombi huruka kutoka kompyuta ya taarifa hadi kompyuta ya Bohari ya Dawa. Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Hizi ni kompyuta mbili tofauti, zenye programu tofauti. Haziwezi kuulizana, "Ulikuwa na maana gani?" kama watu wawili wanavyoulizana njiani. Kila moja husoma namba tu. Namba ikiwa ni moja pande zote mbili, ombi hupita. Namba zikitofautiana, ombi hukwama, au hupita likiwa na maana nyingine.

Tano, Bohari hutazama fedha za kituo na dawa zilizopo, hupakia na kusafirisha. Mizigo ya mkoa wetu wa Mara hutoka Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kwa njia ya Magu, Lamadi na Bunda. Siku hizi mzunguko wa kupeleka dawa ni mara sita kwa mwaka badala ya mara nne za zamani.

Sita, mzigo hupokelewa zahanati mbele ya wajumbe wa kamati, huhesabiwa, na hati hutiwa sahihi.

Na kama Bohari haina dawa iliyoombwa? Upo utaratibu uitwao Jazia, ulioanza Dodoma mwaka 2014 na kuenea nchi nzima mwaka 2018. Kwa utaratibu huo kituo huruhusiwa kununua kilichokosekana kwa mfanyabiashara wa dawa aliyechaguliwa na mkoa, kwa bei zilizokubaliwa. Hapo ameingia mtu wa nne mwenye vitabu vyake mwenyewe. Naye pia lazima atumie majina na vipimo vilevile, la sivyo ugomvi wa gunia na lumbesa utarudi.

MAMBO MATANO YA KUKUBALIANA

1. Jina la kitu. Watu husema "dawa ya mseto ya malaria". Lakini dawa hiyo hufungwa kwa dozi nne tofauti kulingana na uzito wa mgonjwa. Mtoto wa kilo 5 mpaka chini ya 15 humaliza vidonge 6. Wa kilo 15 mpaka chini ya 25 humaliza 12. Wa kilo 25 mpaka chini ya 35 humaliza 18. Mwenye kilo 35 na zaidi humaliza 24. Mtu akiandika "mseto" tu, bohari itapeleka ipi? Kwa hiyo kila pakiti ina namba yake. Mseto wa vidonge 6 una namba yake na mseto wa vidonge 24 una namba nyingine. Namba haina utani wala lafudhi. Anayesema Kijita, Kikurya au Kizanaki ataisoma namna moja.

2. Jina la mahali. Hapa petu jina la Kigera hutumika kwa mahali zaidi ya pamoja. Katika nchi nzima kuna vijiji vingi vyenye majina yanayofanana. Dereva akiambiwa "peleka Kigera" anaweza kushusha mzigo kusiko. Kwa sababu hiyo Wizara ya Afya ina daftari la vituo vyote, na kila kituo kina namba yake isiyofanana na ya kingine. Jina la kituo linaweza kubadilika, wilaya inaweza kugawanywa kama Butiama ilivyofanywa wilaya mwaka 2012, lakini namba ya kituo hubaki kuwa kitambulisho chake.

3. Kipimo. Je, "10" ni vidonge kumi, pakiti kumi, maboksi kumi au makopo kumi ya vidonge 1,000? Hapa ndipo penye makosa makubwa. Tutafanya hesabu yake baadaye.

4. Tarehe na toleo. Mtu akiandika 03/04/27, wengine husoma tarehe 3 Aprili na wengine husoma tarehe 4 Machi. Kanuni ya kimataifa ni kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2027-04-03. Hapo hakuna ubishi. Pamoja na tarehe ya mwisho wa matumizi kuna namba ya toleo, yaani namba ya dawa zote zilizotengenezwa pamoja kiwandani kwa mara moja.

5. Mpangilio wa ujumbe. Ukikubaliana majina lakini kila mtu akaandika barua yake kwa mtindo wake, kompyuta haitajua namba ipi ni dawa na ipi ni idadi. Lazima ijulikane kwamba safu ya kwanza ni kituo, ya pili ni dawa, ya tatu ni kiasi. Jambo hili lilionekana zamani. Miaka ya 1948 na 1949, Berlin Magharibi ilipofungiwa njia za nchi kavu, chakula na makaa ya mawe vilipelekwa kwa ndege. Karatasi za mizigo zilikuja za kila aina na kwa lugha mbalimbali. Wasimamizi wakalazimika kutumia orodha ya mpangilio mmoja. Mwaka 1987 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni za ujumbe wa biashara wa kompyuta, ziitwazo EDIFACT. Zina mpangilio wa ujumbe wa kuagiza, wa kutoa habari kuwa mzigo umeondoka, na wa kudai malipo. Si lazima kila nchi itumie mpangilio huo huo katika dawa, lakini wazo ni moja: fomu iwe na safu zinazojulikana na wote.

HESABU YA DARASANI

Chukua kalamu na karatasi. Tuseme zahanati moja ina dozi za watoto za vidonge 6.

Mwanzoni mwa miezi miwili ilikuwa na dozi 120. Ikapokea dozi 300. Dozi 20 zikalowa na kutupwa. Mwishoni zimebaki dozi 40. Zimetumika ngapi?

120 + 300 - 20 - 40 = 360.

Miezi miwili ni dozi 360. Kwa hiyo mwezi mmoja ni dozi 180, yaani dozi 6 kila siku.

Tuseme zahanati hiyo inatakiwa kuwa na akiba ya miezi minne. 180 mara 4 ni 720. Toa 40 zilizobaki. Inahitaji dozi 680.

Sasa angalia kipimo. Tuseme Bohari huuza dozi hizo kwa boksi, na kila boksi lina dozi 30. 680 ukigawanya kwa 30 ni maboksi 22 na kitu, kwa hiyo utaomba maboksi 23.

Je, mtu akisahau kugawanya na kuandika 680 katika safu ya maboksi? Ameomba dozi 20,400. Kwa matumizi ya dozi 180 kwa mwezi, hiyo ni dawa ya zaidi ya miaka 9! Itakwisha muda wake ikiwa stoo, fedha za kituo zitakwisha, na dozi hizo zingehitajika katika vituo vingine.

Je, kosa likienda upande mwingine? Mtu ameandika 23 katika safu inayosomwa kuwa dozi moja moja. Zahanati italetewa dozi 23. Hizo hazitamaliza siku 4. Siku ya tano yule mama wa alfajiri ataambiwa dawa imekwisha. Hakuna aliyeiba. Kipimo ndicho kilichopotea.

Liko fumbo jingine. Tuseme dawa iliisha kwa siku 20 kati ya siku 60, na dozi zilizotumika ni 240. Ukigawanya kwa miezi miwili utapata 120 kwa mwezi. Lakini dozi hizo 240 zilitumika kwa siku 40 tu, maana siku 20 hapakuwa na kitu cha kutoa. Matumizi ya kweli ni dozi 6 kwa siku, yaani 180 kwa mwezi. Kituo kisipoandika siku za upungufu, kompyuta itaamini kuwa wagonjwa wamepungua, na mzunguko ujao italeta dawa chache zaidi. Njaa itazaa njaa. Kwa hiyo safu ya siku za upungufu isiachwe tupu hata kidogo.

MISTARI MYEUSI KWENYE BOKSI

Umewahi kuona mistari myeusi, mipana na myembamba, kwenye pakiti ya sabuni au boksi la dawa. Watu wengine huiogopa. Mistari hiyo ni namba tu, iliyoandikwa kwa namna ambayo mashine inaweza kuisoma kwa mwanga. Chini yake namba hiyo hiyo imeandikwa kwa tarakimu ili macho ya mtu yaisome.

Mara ya kwanza mistari ya namna hii kusomwa dukani katika biashara ya kawaida ilikuwa tarehe 26 Juni 1974, katika mji wa Troy, jimbo la Ohio, Marekani. Kitu kilichosomwa kilikuwa pakiti ya jojo. Leo shirika la kimataifa liitwalo GS1, lenye makao Brussels nchini Ubelgiji, ndilo linalosimamia namba hizo ili bidhaa mbili zisipate namba moja. Tawi la Tanzania hutoa namba zinazoanza na 620, na la Kenya 616. Lakini kumbuka: tarakimu hizo huonyesha tawi lililotoa namba. Hazithibitishi kuwa kitu kimetengenezwa nchi hiyo, wala hazithibitishi kuwa ni kizuri.

Namba hiyo ina mlinzi wake. Tarakimu ya mwisho haichaguliwi ovyo, hutokana na hesabu ya zile zilizotangulia. Tujaribu na namba ya mazoezi: 620123456789, halafu tutafute tarakimu ya 13.

Jumlisha tarakimu ya 1, 3, 5, 7, 9 na 11: 6 + 0 + 2 + 4 + 6 + 8 = 26.

Jumlisha tarakimu ya 2, 4, 6, 8, 10 na 12: 2 + 1 + 3 + 5 + 7 + 9 = 27. Zidisha kwa 3 upate 81.

26 + 81 = 107. Ili ufike kumi kamili inayofuata, yaani 110, unahitaji 3. Basi tarakimu ya mwisho ni 3, na namba nzima ni 6201234567893.

Sasa tuseme mtu amekosea akaandika 54 mahali pa 45. Ukirudia hesabu, jumla ya kwanza itakuwa 27, na ya pili 26 ambayo mara 3 ni 78. Jumla 105. Mlinzi angepaswa kuwa 5, lakini pameandikwa 3. Mashine itakataa na kusema namba si sahihi. Tarakimu moja imezuia dawa isiyotakiwa isipakiwe. Si makosa yote yanayokamatwa kwa njia hii, lakini mengi ya mwandiko hukamatwa.

Siku hizi kwenye maboksi ya dawa utaona pia kiraba kidogo chenye vidoti vingi. Hicho hubeba mambo mengi kuliko mistari: namba ya dawa, tarehe ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo, na pengine namba ya boksi lile moja peke yake. Ndani yake tarehe huandikwa kwa tarakimu sita, mwaka kwanza. Kwa mfano 270930 ni tarehe 30 Septemba 2027.

NAMBA YA TOLEO HUOKOA MAISHA

Usidhani haya ni mambo ya makarani tu. Mwaka 2012, hapa hapa mkoani Mara, katika hospitali ya wilaya ya Tarime, wakaguzi wa Mamlaka ya Chakula na Dawa walikuta dawa bandia ya kupunguza makali ya UKIMWI. Fikiri hatari yake. Mgonjwa anameza kila siku akiamini anajikinga, kumbe virusi vinaongezeka mwilini.

Jambo la namna hii likigunduliwa, swali la kwanza ni hili: dawa za toleo hili ziko wapi? Kila kituo kikiwa kimeandika namba ya toleo wakati wa kupokea, jibu hupatikana upesi, dawa hukusanywa, na dawa nzuri za matoleo mengine huendelea kutumika. Namba zikiwa hazikuandikwa, mkaguzi atalazimika kupekua rafu baada ya rafu, kijiji baada ya kijiji, huku wagonjwa wakiendelea kumeza.

Wavuvi wetu walijifunza somo kama hili. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu iliyotumiwa na baadhi ya wavuvi. Waliovua kwa nyavu safi waliumia pamoja na waliotumia sumu. Mnunuzi akiweza kufuata samaki nyuma mpaka kiwandani na mwaloni alikotoka, mwema hataadhibiwa pamoja na mbaya.

Kazi ya kulinda usalama wa dawa sasa iko kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, jina lililoanza kutumika mwaka 2019.

AMBAYO KOMPYUTA HAIWEZI

Tusidanganyane. Kompyuta haihesabu vidonge vilivyo stoo. Mtu ndiye huhesabu. Akiandika uongo, kompyuta itausafirisha uongo huo upesi mpaka Mwanza, na uongo ulioandikwa kwa mashine hupendeza macho kama ukweli.

Kompyuta haizalishi fedha. Kituo kisicho na fedha hakitapata dawa hata kama namba zake ni safi. Tena mtandao ukikatika au umeme ukizimika, kazi husimama kama pale hapana leja. Kwa hiyo leja ya karatasi isitupwe. Ijazwe kila siku dawa inapotoka stoo. Siku mtandao ukirudi, kilicho kwenye leja ndicho kitakachoingizwa. Haba na haba hujaza kibaba, na leja isiyojazwa haba na haba haiwezi kujazwa kwa kukisia mwisho wa mwezi.

KAZI YA MWANANCHI

Kamati ya kituo ina wajumbe kutoka miongoni mwetu. Wananchi, waulizeni wajumbe wenu. Nanyi wajumbe, mnapoitwa kupokea dawa, msitie sahihi kwa heshima tu. Fanyeni haya:

(a) Someni jina na namba ya kituo kwenye hati. Je, ni kituo chenu?

(b) Linganisheni kilichoombwa, kilichoandikwa kwenye hati, na kilichoshushwa. Mambo hayo ni matatu, si mawili.

(c) Angalieni kipimo. Je, hati inasema boksi, kopo au kidonge? Fungueni na kuhesabu mbele ya wote.

(d) Someni tarehe ya mwisho wa matumizi. Dawa iliyobakiza muda mfupi iulizwe papo hapo na iandikwe.

(e) Hakikisheni namba ya toleo inaandikwa katika leja.

(f) Kukiwa na upungufu, uandikwe kwenye hati kabla dereva hajaondoka. Neno la mdomo halisafiri mpaka bohari.

Na wewe mwananchi mmoja mmoja, unapopewa au unaponunua dawa, nunua katika duka lililoruhusiwa. Usitupe pakiti mpaka umalize dozi, maana pakiti ndiyo yenye jina, tarehe na namba ya toleo. Ukiona dawa ina rangi ngeni, maandishi yaliyokosewa, au imekudhuru, rudi kituoni na pakiti yake. Bila pakiti hatutajua ni dawa ipi wala ya toleo gani.

Watu wengine huuliza, "Kwa nini nahudumiwa polepole? Mtumishi anaandika tu badala ya kunitibu." Ni kweli kuandika kunachukua muda, na mgonjwa mahututi lazima atangulizwe. Lakini mstari ule mmoja anaoandika leo ndio utakaomletea mtoto wa jirani yako dawa baada ya miezi miwili. Mama anayetoka damu baada ya kujifungua hawezi kungojea fomu irekebishwe. Dawa ya kuzuia damu lazima iwe imefika kabla yake, imehifadhiwa kwenye baridi, na haijapita muda.

MANENO YA KUJIFUNZA

Leja: kitabu cha kuandikia vinavyoingia na vinavyotoka stoo.
Toleo: dawa zote zilizotengenezwa pamoja kwa mara moja.
Siku za upungufu: siku ambazo dawa haikuwepo kabisa stoo.
Tarakimu: alama moja ya namba, kutoka 0 mpaka 9.
Viwango vya taarifa: makubaliano ya namna moja ya kuandika majina, vipimo, tarehe na namba.

MASWALI YA MAJADILIANO KATIKA VIKUNDI VYA KISOMO

1. Zahanati ilianza na dozi 90, ikapokea 240, zikaharibika 10, zikabaki 80. Zilitumika ngapi? Kama ni miezi miwili, kila mwezi zilitumika ngapi?

2. Tafuteni boksi lenye namba ya tarakimu 13. Fanyeni hesabu ya tarakimu ya mwisho. Je, inalingana?

3. Katika kijiji chenu, ni nani wajumbe wa kamati ya kituo? Mara ya mwisho walishuhudia kupokelewa kwa dawa lini?

4. Kwa nini safu ya siku za upungufu isiachwe tupu?

Jibu la swali la kwanza: zilitumika dozi 240, yaani 120 kila mwezi. Kama mmepata jibu hilo, mnaweza kukaa pamoja na mtumishi wa zahanati siku ya kuhesabu stoo na kuisoma fomu yake mstari kwa mstari.